Risala ya Ghorofa ya Chini Kuhusu Majibu Yaliyokwama Ukutani

Mgeni rasmi ambaye ni Mkurugenzi Mkuu wetu, wakuu wa vitengo mlioketi mstari wa mbele, wafanyakazi wenzetu mlioketi nyuma, na nyinyi mliosimama kwa sababu viti viliishia kwa wakuu, tunawasalimu.

Sisi wafanyakazi wa ghorofa ya chini tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama. Tunajua umetoka mbali. Kutoka ghorofa ya tatu hadi hapa ni ngazi nyingi, na lifti, kama ulivyojionea, imebandikwa tangazo la "inatengenezwa" ambalo sasa lenyewe linahitaji kutengenezwa. Wapo wenzetu walioajiriwa hapa, wakafanya kazi, wakastaafu, bila kukuona ukishuka upande huu, maana gari lako huegeshwa nyuma na ngazi zako ziko nyuma. Kwa hiyo leo ni siku kubwa. Tumefagia hadi mahali ambapo hutapita.

Anayekusomea ni mwendesha mashine kubwa ya kuchapia. Hatukumchagua kwa usomi. Tumemchagua kwa sababu amezoea kuongea juu ya kelele za mashine, na kipaza sauti chetu, hata baada ya kutengenezwa jana, bado kina tabia zake.

Tunaomba radhi mapema, mgeni rasmi. Risala uliyopangiwa kusomewa leo si hii. Ile ya kwanza tuliiandika kwa utulivu, ilikuwa na maneno makali, na aya tatu zilianza na "Inasikitisha". Jana alasiri likatokea jambo, tukaichana. Hii imeandikwa mbiombio na kwa mikono mingi. Ukisikia mahali inarukaruka, ujue hapo mmoja wetu alimpokonya mwenzake kalamu.

HISTORIA FUPI

Idara yetu inachora ramani, inapima viwanja, inachapa na kuhifadhi. Unayajua hayo kuliko sisi, lakini risala isiyomweleza mgeni rasmi anachokijua huonekana haina adabu.

Usichokijua pengine ni masjala. Ukitoka mlango huu, ni chumba cha kwanza kushoto, chenye dirisha linalotazama ukuta. Humo anakaa karani wa masjala, ambaye sote, na wewe pia, tunamwita Mama Masjala. Amekaa humo tangu majalada yalipokuwa ya kamba. Kompyuta yake ndiyo ya zamani kuliko zote, ile yenye kisogo kirefu kama televisheni ya zamani, na kila jioni akiizima huifunika kwa kitambaa cha maua alichokishona mwenyewe. Kwa taratibu za masjala, hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuifungua wala kukalia kiti kile. Taratibu hizo amezisimamia kwa miaka yote bila kugombana na mtu, kwa kukutazama tu juu ya miwani.

Sasa tuje kwenye zawadi yako.

Mwaka jana ulituletea kompyuta mpya sita. Moja ilibaki kwako juu, tano walipewa wakuu wa vitengo. Siku ile ulisimama hapohapo uliposimamishwa leo, ukasema: "Sitaki kusikia mashine hizi zimewekewa kikomo cha chini. Wakubwa wapewe kiwango cha wakubwa." Tulipiga makofi mpaka mikono ikawasha. Mkuu wa Utawala aliyaandika maneno hayo kwa herufi za kupambwa, akayatia fremu, na sasa yametundikwa nyuma yako. Tunakuomba usigeuke kwanza.

Fundi wetu wa mtandao, tunayemwita Fundi Nyaya, aliuliza swali siku ileile. Alieleza kwamba kompyuta ikituma kitu kwa nyingine haikitumi kizima. Hukikatakata vifurushi, na kila kompyuta ina kikomo cha ukubwa wa kifurushi. Cha kawaida ni baiti elfu moja na mia tano. Zile mpya zinaweza kufika elfu tisa. Akauliza, je, zote ziwekwe sawa?

Utawala ukaitisha kikao. Kikao kikaamua jambo hilo kama kinavyoamua mengine yote hapa: viti vya kuzunguka kwa wakuu, vya mbao kwa makarani, vikombe vyenye sahani kwa wakuu, visivyo na sahani kwetu sisi. Vifurushi vya elfu tisa vikaenda kwa Mkurugenzi Mkuu na wakuu watano. Sisi wengine tukabaki na elfu moja na mia tano, na barua ya kutupa moyo ikisema kwamba utumishi mwema hulipwa kwa wakati wake. Mmoja wa wapimaji aliomba apandishwe walau afike elfu nne, akaambiwa asubiri cheo.

Fundi Nyaya akaweka viwango kama alivyoelekezwa. Kwa haki tuseme kwamba hata yeye hakuona ubaya. Alivaa shati la mikono mirefu siku hiyo, akapiga picha na fremu.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio ni mengi.

La kwanza ni afya. Wakuu wetu, ambao zamani walikuwa wakitanguliwa na matumbo yao, sasa ni wembamba. Wanatembea. Tangu kompyuta mpya zifungwe, Mkuu wa Uchoraji akimtumia ramani Mkuu wa Uchapaji, kinachofika ni jina la ramani. Jina linakaa pale kwenye kioo, pembeni yake kiduara kinazunguka, na kinaweza kuzunguka mpaka mtu akaenda kula akarudi. Salamu zinafika. "Umeipata?" inafika. "Sijaipata" inarudi upesi kabisa. Ramani haifiki. Flashi zilipigwa marufuku baada ya ile iliyoleta virusi, basi mtu mzima mwenye tai hubeba kompyuta yake kifuani na nyaya zikiburuzika, akapita nayo kwenye ujia akiomba apishwe.

La pili ni umoja. Vitengo viwili ambavyo havikuwa vinasalimiana sasa vimekaa kikao cha pamoja kumlaani panya. Maana mwanzoni tuliamini ni panya. Fundi Nyaya alibadilisha nyaya zote, akaziba matundu yote, akamleta paka. Paka amenenepa, hivyo panya walikuwepo. Ramani hazikufika.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni la Mama Masjala.

Siku moja Mkuu wa Uchoraji, akiwa amechoka kutazama kiduara, aliweka nakala ya ramani kwenye kompyuta ya masjala ili ihifadhiwe. Ikaingia mara moja. Mkuu wa Uchapaji akapita pale kuomba kalamu, akaiona, akaivuta kwake kutoka pale pale. Ikatoka mara moja. Wakatazamana. Kompyuta ya zamani, yenye kisogo, iliyofunikwa kitambaa cha maua, ilikuwa imefanya kwa dakika moja kazi ambayo mpya sita zilishindwa tangu zifike.

Tangu siku hiyo, mgeni rasmi, idara nzima inapita masjala. Mkubwa akitaka kumpa mkubwa mwenzake kitu, anakiweka kwa Mama Masjala, na mwenzake anakuja kukichukua kwa Mama Masjala. Wakuu hupanga foleni mlangoni kwake asubuhi, na yeye huwapokea mmoja mmoja.

"Wewe uliweka nini hapa jana, mwanangu?"

"Mchoro wa daraja, Mama."

"Umekaa nao mno. Mwenzio aje auchukue, unanibana."

Wala hasomi kinachopita kwake. Angeweza. Siri za idara hii zote zimelala kwenye ile kompyuta, za upandishaji vyeo na za nani kamshitaki nani. Yeye huzitazama kwa nje tu, kama mtu anayemshikia mwenzake mzigo stendi, na ndiyo sababu sote tunampitishia.

(Msomaji: hapa nyamaza kidogo, wapige makofi.)

CHANGAMOTO

Changamoto ni mbili, na zote zina kiduara.

Ya kwanza. Tangu upate kompyuta mpya, mgeni rasmi, uliacha kuandika majibu kwa karatasi. Unajirekodi video. Tulifurahi kusikia hivyo kwa katibu muhtasi wako, kwamba unakaa vizuri, unaweka tai, unamjibu kila mtu kwa sura na sauti yako. Na kwa kuwa neno la Mkurugenzi Mkuu haliwezi kupitia kwa karani, video hizo huzituma moja kwa moja kwa Mkuu wa Utawala, kutoka mashine ya elfu tisa kwenda mashine ya elfu tisa.

Kilichokuwa kikifika ni kichwa cha habari. "Kuhusu taa za ujia." Kiduara. "Kuhusu kisanduku kipya cha nyaya." Kiduara. "Kuhusu mapazia." Kiduara. Mkuu wa Utawala akatutangazia kwamba Mkurugenzi amejibu na tunasubiri jibu. Tulisubiri. Wengine walisema bado unafikiri. Wengine walisema kile kiduara chenyewe ndilo jibu, kwamba umetuambia tuendelee kuzunguka.

Na ulipokutana na Mkuu wa Utawala kule nyuma kwenye gari ukamuuliza, "Ujumbe wangu umeuona?" alishikwa na haya kukuambia kwamba hajawahi kuona hata tai yako. Akajibu, "Nimeuona, mkuu. Mzito." Hakusema uongo, na amekubali tuliseme hili mradi tusimtazame.

Ya pili ni ya Mama Masjala mwenyewe, na hapa tunaomba utusikilize vizuri.

Mama Masjala ana binti mmoja. Binti huyo ameolewa mbali, mumewe hufanya kazi ya safari, na mama mkwe hayupo duniani. Binti aliposhika mimba ya kwanza, alimpigia mama yake simu akamwambia, "Mama, mimi siwezi peke yangu." Mama Masjala akaomba likizo. Aliiomba kwa utaratibu, kupitia kwa Mkuu wa Utawala, na ombi likapanda kwako. Baada ya siku chache likashuka jibu: "Kuhusu likizo ya karani wa masjala." Kiduara.

Alikuja kukitazama mwenyewe. Alisimama nyuma ya kiti cha Mkuu wa Utawala, mikono kifuani, akakiangalia kikizunguka.

"Ndiyo anasemaje hapo?" aliuliza.

"Bado inafunguka, Mama."

"Itafunguka lini?"

"Tuipe muda."

Akaipa muda. Alipita kila asubuhi, halafu kila wiki, halafu akaacha. Wenzake walimshauri apande juu akuulize. Akasema, "Mimi siendi kumgongea mtu mlango kuulizia alichokwisha kunyamazia. Amenyamaza. Nimeelewa." Akashona kofia za mtoto mezani kwake, za rangi ya njano kwa kuwa hakujua ni wa kiume au wa kike, akazituma kwa mtu aliyekuwa akisafiri.

Mara moja alijaribu. Mkuu wa Utawala alimwonea huruma akampa siku mbili kwa dhamana yake. Mama Masjala alizima kompyuta, akaifunika kitambaa chake, akabeba begi akaenda stendi. Ilipofika saa ya chai, ghorofa ya chini ilikuwa imesimama. Ramani ya barabara mpya ilitakiwa uchapaji, nayo ilikuwa uchoraji, na baina yao kulikuwa na kiduara. Wakuu wawili wakapanda gari moja wakamfuata. Walimkuta ameshakaa dirishani ndani ya basi, begi mapajani.

"Mama, turudi kidogo tu," Mkuu wa Uchapaji alimwambia kutoka chini.

"Kidogo kiasi gani?"

"Ramani ipo kwa huyu, na mimi ndiye ninayeitaka."

"Si nyinyi hao mmesimama pamoja. Mwambie akupe."

"Haitumiki, Mama. Bila wewe haipiti."

Kondakta akamuuliza kama anashuka au anaendelea, maana basi linaondoka. Mama Masjala alitazama mbele, njia ilikokwenda, akatazama wale wanaume wawili waliosimama juani na tai zao. Akashuka. Hakuwaambia neno njiani. Alifunua kitambaa, akawasha, na wakati kioo kingali cheusi alijiona uso wake humo akaona amechoka kuliko alivyodhani. Halafu kikawaka, na ramani ya barabara ikapita.

Mtoto alizaliwa bila yeye. Ni wa kiume. Sasa anakaa mwenyewe bila kuegemezwa na ana meno mawili, na bibi yake anamjua kwa kioo cha simu chenye ufa, ufa ambao kwenye kila picha unapita shavuni.

Na kuna jambo moja, mgeni rasmi, ambalo tusingelisema kama si la jana. Mwezi uliopita ulimkuta kule nyuma akichoma karatasi chakavu. Ulishusha kioo cha gari ukamuuliza kwa furaha, "Mama, mjukuu hajambo?" Akakujibu, "Nasikia hajambo." Ukacheka, ukapandisha kioo. Mama Masjala aliingia ndani akaosha vikombe vyote vya ghorofa ya chini, vilivyokuwa safi. Alidhani umemkejeli. Sisi pia tulidhani hivyo, na aya ya kwanza yenye "Inasikitisha" ilihusu kioo kile cha gari.

YA JANA ALASIRI

Kichwa hiki hakimo katika utaratibu wa risala, lakini hatukujua tukiweke wapi.

Jana Fundi Nyaya alipanda ofisini kwako kuandaa sauti za sherehe hii. Wewe ulikuwa umetoka. Akajaribu kutuma wimbo kutoka mashine yako kwenda kwa Mkuu wa Uchapaji. Kiduara. Akautuma huohuo kwa Mama Masjala. Ukapita. Akakaa chini. Akaanza kutuma vifurushi vitupu, kidogo, kikubwa kidogo, kikubwa zaidi, na kila kilichozidi elfu moja na mia tano kikapotea bila hata kuaga.

Alishuka akatukusanya jikoni, akachukua sinia kubwa la chai, akalipeleka kwenye kile kidirisha wanapopitishia vikombe.

"Kompyuta mbili zikianza kuongea," alisema, "kila moja inamtajia mwenzake kikomo chake. Mkubwa akiongea na mdogo, wanakubaliana kwa kiasi cha mdogo, mambo yanapita. Ndiyo maana kwa Mama kila kitu kinapita, na kingepita hata kwa yeyote wetu wa chini, hatukujaribu tu. Mkubwa akiongea na mkubwa, wanakubaliana sinia hili. Lakini katikati kuna kidirisha." Akagonga sinia kwenye fremu ya kidirisha, likakataa. "Kile kisanduku cha ukutani, chenye taa za kijani, kinachounganisha nyaya zote. Ni cha zamani. Elfu tisa haipiti pale. Na hakuna aliyekiuliza. Na hakisemi kitu, kinaangusha tu."

"Kwa hiyo siyo panya," alisema Mkuu wa Uchoraji.

"Siyo panya. Ni sisi na vyeo vyetu."

Yule mpimaji aliyeomba elfu nne akasema taratibu, "Kumbe Mungu aliniepusha."

Mgeni rasmi, hayo si yote. Fundi Nyaya aliyaona mengine kwenye mashine yako, na katibu muhtasi wako alikuwa kando yake, wala hatupendi alaumiwe. Waliona majibu yako. Yote. Yamejipanga kwa tarehe, na mbele ya kila moja pameandikwa "inatumwa", na chini ya kila kichwa umejiandikia mwenyewe "ndiyo" au "hapana". Maombi yote tuliyolalamika kwamba umeyapuuza uliyajibu kwa wakati wake, na karibu yote uliyakubali. Taa za ujia ulizikubali. Kisanduku kipya cha nyaya ulikikubali, na jibu la kukubali kisanduku kipya likakwama kwenye kisanduku cha zamani.

Katibu muhtasi alilifungua moja tu, lile la likizo. Sehemu hii mwenzetu ataisoma polepole na kwa sauti ya chini, jambo ambalo halijawahi kumtokea, kwa sababu masjala iko jirani na mlango wetu haufungi sawasawa.

Umekaa, una tai ya buluu. Unapiga chafya, unaomba radhi, unaanza upya. Unasema: "Huyu mama aende. Binti akizaa anamtaka mama yake, na mke wangu alipozaa, wake alikuja. Aende hata leo, sisi tutajibana. Na akirudi aje anioneshe picha ya mtoto."

Fundi Nyaya, ambaye hata paka alipomkwaruza usoni hakulia, alishuka ngazi zote akiwa ameshika ukuta.

MAOMBI

Kwa kawaida hapa tungekuomba utupe. Mwaka huu tunakuomba utuambie kwa mdomo yale uliyokwisha kutupa.

Tunaomba kwanza ruhusa ya kushusha kikomo cha vifurushi katika kompyuta zote sita, ikiwemo yako, ziwe elfu moja na mia tano kama zetu. Tunajua neno kushusha linakera siku ya sherehe. Fundi Nyaya ameapa kwamba haitapungua hadhi wala kasi ya mtu yeyote hapa, maana kwa sasa kasi ni kiduara. Siku kisanduku kipya kikifika tunaweza kupanda wote kwa pamoja, na yule mpimaji naye. Hadi hapo tunaomba tulingane. Wakuu watano wameshakubali, walikubali jikoni mbele ya sinia.

Hakuna aliyethubutu kugusa namba ile bila wewe, kwa sababu ya maneno yaliyo nyuma yako. Sasa unaweza kugeuka, mgeni rasmi. Fremu ni nzuri na tungependa kuibakiza. Kama unaona inafaa, tutabadilisha karatasi ya ndani.

Kuhusu mapazia, Fundi Nyaya anasema chini ya kichwa cha jibu lile pana neno "hapana". Hilo tunaomba libaki njiani.

Ombi la mwisho halina gharama. Mama Masjala hajui. Tangu jana hakuna aliyemwambia, ingawa Mkuu wa Utawala alifungua mdomo mara kadhaa na ikabidi apewe chai. Tulikubaliana kwamba habari hii si yetu. Kwa miezi yote hii amelala akiamini kwamba umemkatalia, na tukimwambia sisi atasema tunamfariji. Ni lazima aisikie kwako, kwa sura na sauti yako, na bila kupitia ukutani.

Utagundua kwamba hayumo humu ukumbini. Alialikwa, tukamwekea kiti, tena cha kuzunguka. Alisema hawezi kuja, maana risala ya mgeni rasmi inachapwa na kurasa zinapita kwake. Ni kweli. Hata hizi anazosoma mwenzetu ziliandikwa uchoraji, zikapitia masjala asubuhi hii, zikachapwa uchapaji. Yote tuliyoyasema juu yake yalilala kwenye kompyuta yake kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, na hakuyafungua, kwa sababu hayakuwa yake.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, kabla hujakata utepe, kabla ya picha, tunakuomba utoke mlango huu uingie chumba cha kwanza kushoto. Atasimama ukiingia, na atakutazama juu ya miwani. Usiogope. Mwambie ulivyosema kwenye video, ila chafya unaweza kuiacha.

Begi lake liko chini ya meza. Liko hapo tangu siku ile ya stendi, hakuwahi kulifungua. Fundi Nyaya amesimama kando ya mashine ya kwanza, mkono tayari, anasubiri neno lako tu ashushe namba. Na gari lako, dereva wako ametuambia, lina mafuta ya kufika stendi. Ukishamwambia, mwache aizime kompyuta mwenyewe na aifunike kwa mkono wake. Sisi tutabaki tukijifunza kupeana vitu bila yeye.

Mungu akupe magoti mema ya kupandia ngazi hizi, akupe na hamu ya kuzishuka tena. Ambariki binti, amkuze mtoto mwenye meno mawili, na amfikishe bibi yake kabla mjukuu hajaota la tatu.

Tunawasilisha kwa heshima na kwa vifurushi vidogovidogo.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Ghorofa ya Chini,
Idara ya Ramani na Michoro.